Mpango wa Chama Hupimwa, Hauabudiwi

Hapa chini twachapa kwa ukamilifu hotuba ya Katibu Mwenezi mmoja kijana, aliyoitoa mbele ya viongozi wa matawi waliokutana kuutazama upya mpango wa kazi wa chama. Twawaomba wanachama waisome, kisha waizungumze katika matawi yao.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ndugu zangu vijana,

Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya jambo moja: chama kifanye nini na mpango wake wakati nyakati zinapobadilika. Jambo hili ni jepesi kulitaja, lakini limeua vyama vingi. Kabla hatujafungua karatasi zetu, nataka tukubaliane kwamba shabaha ya chama na mpango wa chama ni vitu viwili mbalimbali. Shabaha ni kule tunakokwenda. Mpango ni njia tuliyoichagua siku ile, kwa nguvu tulizokuwa nazo siku ile. Anayeona njia ndiyo mwisho wa safari atakaa njiani mpaka kuche, naye akidhani amefika.

Mimi nimesomea ualimu, basi mniruhusu nianzie darasani. Mwalimu ana vitu vitatu mezani pake. Ana muhtasari wa masomo, unaosema mtoto akimaliza darasa awe anajua nini. Ana azimio la kazi, linaloigawa kazi hiyo kwa miezi na majuma. Tena ana andalio la somo, la kipindi cha leo. Katika azimio la kazi iko nafasi ya maoni, ambayo mwalimu huijaza baada ya kufundisha: somo limeeleweka, au halikueleweka, lirudiwe. Mwalimu mvivu huijaza nafasi hiyo siku moja kwa muhula mzima, ili mkaguzi akija aikute imejaa. Mwaka unaofuata hunakili azimio lile lile na kubadili tarehe tu. Watoto siyo wale, vitabu siyo vile, lakini azimio ni lile. Watoto wakishindwa mtihani, husema watoto wa siku hizi ni wajinga.

Ndugu zangu, viko vyama vya namna hiyo. Watu wakiacha kuja mkutanoni, viongozi husema watu wa siku hizi hawana moyo. Hawajiulizi ni nani aliyejaza nafasi ya maoni, na aliijaza lini.

WAZEE WETU WALIUPIMAJE MPANGO WAO

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1929 makarani, walimu na wafanyabiashara wa Dar es Salaam waliunda African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes. Mpango wa chama kile ulikuwa kuwaunganisha Waafrika wa makabila yote, na kuzipeleka haja zao Serikalini kwa barua na kwa adabu. Tusiwacheke. Wengi waliokuwa na elimu ya kuandika barua hiyo walikuwa wakila mshahara wa Serikali ile ile waliyokuwa wakiiandikia. Kwa wakati wao, kukutanisha watu wa makabila mbalimbali chini ya paa moja na kuwapa jina moja ilikuwa kazi kubwa. Bila jina hilo tusingekuwa na lolote la kuzungumza leo.

Lakini nyakati zikageuka. Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945, na vijana wetu waliopelekwa kupigana hata Burma wakarudi wakiwa wameona mengi. Mwaka 1946 Tanganyika ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, maana yake mlango mwingine wa kupeleka mashtaka ukafunguka. Mwaka 1947 India ikapata uhuru wake. Kisha, mwaka 1951, Wameru wa Engare Nanyuki wakafukuzwa katika ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa. Watu wa Tanganyika wakajifunza kwamba kabila moja likilia peke yake, hata kilio chake kikifika ng'ambo, halina nguvu ya kutosha.

Mwaka 1953 likaja pigo jingine. Serikali ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Chama kile, ambacho tangu mwaka 1948 kilikuwa kikiitwa Tanganyika African Association, kilikuwa kimejengwa juu ya mabega ya makarani na walimu wa Serikali. Waraka mmoja ukawa kama shoka lililokata nguzo za nyumba.

Hapo palikuwa na njia mbili. Wangeweza kusema kwamba mpango wetu ni barua, na wenye kuandika barua wamezuiwa, basi tufunge mlango. Au wangeweza kujiuliza: tulitaka nini hata tukaanza kuandika barua? Wakajiuliza swali hilo la pili. Mwezi Aprili mwaka ule ule, Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa rais wa chama. Tarehe 7 Julai 1954 chama kikawa TANU, chenye katiba mpya inayosema waziwazi kwamba shabaha ni kujitawala. Umoja uliotafutwa tangu mwaka 1929 ulibaki. Kilichobadilika ni namna ya kuutumia: badala ya watu wachache kuandika kwa niaba ya wengi, wengi wenyewe wakaingia chamani, wakakata kadi, wakatoa senti zao, wakasimama mikutanoni.

Hata mpango huo mpya haukukaa mwaka mmoja kabla ya kuonekana una pengo. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akauliza sehemu ya wanawake iko wapi. Haikuwapo. Ndipo Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwaongoza akina mama. Hakuanza kwa kuandika barua. Yeye alikuwa mwimbaji wa ngoma, na aliwajua wanawake wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambao tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na desturi ya kuitana. Alikwenda huko waliko. Katika miezi michache tu maelfu ya wanawake wakawa wamekata kadi. Mtanisamehe akina baba, lakini katika mikutano mingi mama aliyekuwa akiuza maandazi alikuwa na kadi kabla ya mumewe, kwa kuwa mume aliogopa kufukuzwa kazi.

Twajifunza nini hapo? Kwamba pengo la mpango mara nyingi halionekani na walioutunga. Mgeni aliliona kwa swali moja. Basi tusimkasirikie anayeuliza.

TABORA, MWAKA 1958

Sasa nataka nikae kidogo juu ya Tabora, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili lilipopimwa kwa moto.

Serikali ya kikoloni ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti ya ajabu. Kila jimbo la uchaguzi litoe wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kila mpiga kura sharti apige kura tatu, moja kwa kila taifa, la sivyo karatasi yake imeharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo fulani. Nchi wakati ule ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu yapata elfu 20. Ati hawa na hawa wawe na viti sawa!

TANU ilikuwa imeupinga mpango huo kwa nguvu zake zote. Nyerere alikuwa amekwisha kujiuzulu ujumbe wake katika Baraza hilo mwezi Desemba 1957. Wanachama nchi nzima walikuwa wamefundishwa kwamba kura tatu ni dharau. Basi wajumbe walipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wengi walikwenda na jibu moja moyoni: tususie.

Hoja yao ilikuwa na uzito, tusiifanye ndogo. Walisema ukikubali kucheza mchezo wa mwenye kukudharau, umeikubali dharau. Walisema watu wetu tumewaambia hili ni baya, kesho tutawaambia nini? Hayo ni maneno ya watu wenye heshima.

Lakini hoja ya pili nayo ilisimama. Waliuliza: tukisusia, uchaguzi hautafanyika? Utafanyika. Viti vitakaa wazi? Havitakaa. Kilikuwapo chama kingine, United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, nacho kilikuwa kikingoja kuvikalia. Kingeingia Barazani bila kupingwa, kisha Serikali iwaambie Umoja wa Mataifa: hawa ndio waliochaguliwa na wananchi. Sisi tungebaki nje, na mikono yetu safi na mitupu.

Wajumbe walibishana sana. Mwisho wakakata shauri kwamba TANU iingie katika uchaguzi. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara, na jina hilo limedumu hata leo.

Tuangalie walichobadili na wasichobadili. Hawakusema kura tatu sasa ni nzuri. Hawakuacha kudai serikali ya madaraka. Walichobadili ni jibu la swali moja tu: mlango huu mbovu tuuache, au tuupitie? Tena baada ya kuamua waliugeuza ubovu wa sheria ukawa silaha. Ikiwa kila mpiga kura analazimishwa kumchagua Mwasia na Mzungu, basi TANU itawatafuta Waasia na Wazungu wanaokubaliana nayo, na wapiga kura Waafrika watawapa hao kura zao. Ndivyo walivyoingia Barazani watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham. Uchaguzi ulifanywa kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda. United Tanganyika Party kikafifia kikafa, kwa kuwa mpango wake ulikuwa umejengwa juu ya hesabu ya nchi isiyokuwapo. Mwezi Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Kutoka Tabora mpaka Uhuru haikutimia miaka minne.

Lakini nisiwaeleze upande wa sherehe tu. Uamuzi wa Tabora ulikuwa na bei. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaunda African National Congress. Kila anayebadili mpango sharti ajue kwamba wako watakaoumia, nao si lazima wawe wasaliti. Kazi ya kiongozi si kuwatukana. Kazi yake ni kurudi kwenye tawi na kueleza, kisha kueleza tena, mpaka mtu wa mwisho aelewe kwa nini jana tulisema hivi na leo twafanya vile. Baada ya Tabora kazi ilikuwa hiyo: kuandikisha wenye haki ya kura, na kuwafundisha kupiga kura tatu bila kuharibu karatasi. Hotuba ya Tabora bila kazi hiyo ya matawi isingeshinda kiti hata kimoja.

USHINDI NAO HUZEESHA MPANGO

Watu wengi hudhani mpango hupimwa chama kinaposhindwa. Sivyo. Hata ushindi huzeesha mpango. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akarudi kukijenga chama. Wengi walishangaa. Mtu aupate uongozi wa nchi kisha auache?

Sababu yake twaweza kuiona. TANU ilikuwa imeundwa kwa kudai. Sasa kile ilichokidai kimepatikana. Makatibu na wenezi wengi waliingia katika kazi za Serikali, na matawini watu wakaanza kuuliza: Uhuru tumeupata, kadi ya nini tena? Chama kilichojua kudai ilikuwa lazima kifundishwe kujenga, la sivyo kingekufa kikiwa kimevaa shada la maua. Huwezi kuifanya kazi hiyo kutoka ofisini.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotaka kuwafikisha. Leo kila mtu aweza kusema nyakati zimebadilika. Maneno haya ni matamu mdomoni mwa mkweli, na ni matamu zaidi mdomoni mwa mwongo. Yuko kiongozi atakayesema nyakati zimebadilika, kwa hiyo muda wangu uongezwe. Yuko atakayesema nyakati zimebadilika, kwa hiyo hesabu za michango zisisomwe mkutanoni. Tutamjuaje?

Mimi napendekeza kipimo kimoja. Tuulize badiliko hili linamgharimu nani kwanza. Mwaka 1955 Nyerere aliacha mshahara wa ualimu pale Pugu ili akitumikie chama. Pale Tabora viongozi walihatarisha jina lao mbele ya wanachama waliokuwa na hasira. Mwaka 1962 aliyetaka chama kibadilike aliacha kiti chake mwenyewe. Badiliko la kweli huanza kwa kumgharimu anayelileta. Badiliko linaloanza kwa kumpunguzia mwanachama sauti yake na kumwongezea kiongozi nafasi yake, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu, tulirudishe lilikotoka.

MPANGO ULIO MBELE YETU

Sasa tuutazame wetu. Mpango tulio nao unasema matangazo ya mkutano yabandikwe kwenye ubao wa ofisi, na siku hizi mwanachama hupata habari kwa simu kabla katibu hajatafuta gundi. Unasema mikutano ya tawi iwe alasiri ya siku za kazi, saa ambazo mwenye genge yuko gengeni na kijana wa bodaboda yuko barabarani. Kisha twasema vijana hawaji! Unahesabu kadi zilizouzwa, lakini hauhesabu watu waliokuja mkutanoni mara ya pili. Kadi huuzwa kwa siku moja. Mwanachama hujengwa kwa mwaka mzima.

Naomba kila tawi lifanye mambo matano.

Kwanza, mpango usomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mpango unaofahamika kwa katibu peke yake ni siri yake, si mpango wa chama.

Pili, kila kifungu kiulizwe: wewe ni shabaha au ni njia? Kilicho shabaha kibaki, na anayetaka kukigusa alete hoja yake katika mkutano mkuu. Kilicho njia kipimwe bila kuoneana haya.

Tatu, tuhesabu kwa uaminifu. Wanachama wangapi wanalipa ada? Wangapi wanakuja? Nani anaweza kufanya kazi, na kwa siku ngapi katika juma? Tusiandike mpango wa watu mia kwa tawi lenye watu kumi na wawili. Afadhali kumi na wawili wanaojua kazi yao.

Nne, tuwaendee wasiokuja. Bibi Titi hakungoja wanawake ofisini. Twende sokoni, ufukweni kwa wavuvi, kwenye vijiwe, kwa mafundi cherehani, tuwaulize ni kitu gani kinawazuia. Majibu mengine yatatuchoma. Tuyaandike hivyo hivyo yalivyo.

Tano, tukikata shauri, tuandike nani atafanya nini na mpaka tarehe gani, tena tuandike siku ya kukutana kuupima mpango mpya. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya maoni. Ikijazwa kwa ukweli kila baada ya miezi mitatu, hatutangoja mpaka waraka wa mtu mwingine uje kukata nguzo zetu.

Najua wako wazee hapa wanaoona tunataka kuvunja walichokijenga. Wazee wetu, hapana. Ninyi mlitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na tunawaomba mtuonyeshe udongo uliotumika zamani, kwa maana ninyi ndio mnaojua. Nanyi vijana wenzangu, tusije na nyundo tukadhani kila ukuta ni wa kubomolewa. Waliokutana Tabora walikuwamo wazee na vijana, wenye hasira na wenye subira, na walikaa katika chumba kimoja mpaka neno likapatikana. Anayetaka kubadili mpango bila kukaa chumbani na asiyekubaliana naye ataondoka na karatasi mpya na chama kilichopasuka.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema vya kutosha, na karatasi ziko mezani zatungoja. Naomba kifungu cha kwanza kisomwe.